Siku Tuliyoficha Mito ya Soksi

Kosa ni la Profesa na gazeti lake, na hilo nitalisema hata akiwa amekaa hapa ananisikiliza.

Jumamosi ile asubuhi tulikuwa watatu kwenye benchi letu, nje ya kibanda cha Kiraka, fundi viatu. Benchi lenyewe ni refu, la mbao nzito, mguu mmoja umefungwa waya, na tumelikalia miaka mingi mpaka kila mtu ana bonde lake. Kiraka hukaa kulia, karibu na gundi. Profesa hukaa katikati. Huyu alikuwa karani wa shule, akastaafu kazi, ila kujua kila kitu hakustaafu. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili, na hukaa kushoto ili nimwone mteja akija. Mteja haji, lakini kushoto nakaa.

Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita, alilofungiwa sabuni dukani. Akatusomea kwamba kuna mama mwenye watoto kumi na wanne amepewa tuzo, kwa sababu nyumbani kwake hakinunuliwi kitu zaidi ya chumvi na kiberiti. Nguo anashona mwenyewe, sabuni anapika, magodoro anajaza, na viatu watoto wanarithishana mpaka kiatu kinasahau kilianzia mguu gani. Kiraka akasema mwanamke wa namna hiyo ni adui wa mafundi, afungiwe. Mimi nikauliza kama na kunyoa ananyoa mwenyewe. Profesa akasogeza miwani, akatafuta, akasema ndiyo, kwa kufunika bakuli kichwani na kufuata ukingo. Basi na mimi nikamchukia.

Tulikuwa bado tunamsengenya mama wa watu, hajatukosea lolote, alipotokea Baba Timu.

Baba Timu ana watoto kumi na mmoja, na mtaa mzima unawajua kwa nafasi zao uwanjani. Wa kwanza ni binti, Nahodha. Kitinda mimba ana miaka minne, anaitwa Golikipa, maana hakuna kinachompita asikidake. Na mkewe, Mama Timu, waandishi wangejua habari zake wasingehangaika kwenda mbali. Baba Timu asubuhi hiyo alikuwa amevaa suruali aliyoshonewa kwa kitambaa cha miavuli mibovu. Ni suruali imara. Mvua ikinyesha maji hayaingii hata tone, yanateremka yote kwenye viatu. Kwao mito ya makochi imejazwa soksi zisizo na wenzao, na kwa watoto kumi na mmoja soksi yatima haziishi. Mapazia ni mashati yake ya zamani yaliyounganishwa, vifungo vimebaki palepale. Wakitaka mwanga, wanafungua vifungo.

Juu ya yote hayo kuna blanketi. Mama Timu amelishona kwa vipande vya nguo ya kwanza ya kila mtoto, kipande kimoja kwa kila mmoja, na katikati kipande cha suruali ya harusi ya mumewe. Mtoto akiumwa analala chini ya kipande chake. Akichelewa kurudi nyumbani, mama anakikunja kipande chake mpaka arudi. Tumelicheka blanketi hilo miaka kumi.

Tukaanza kumcheka na siku hiyo. Profesa akamwambia mkewe ameandikwa gazetini kwa jina la uongo. Kiraka akamwomba asikae karibu na gundi, suruali isije ikafunguka kama mwavuli. Kawaida Baba Timu hucheka kutuzidi, ila safari hii alisimama tu.

"Wakwe wanakuja leo saa kumi," alisema. "Kumwona Nahodha. Na mimi nina mapazia yenye vifungo."

Akatueleza kwamba kijana mwenyewe anafanya kazi mji mwingine, walijuana chuoni, na Nahodha anampenda mpaka siku hizi anaosha masufuria bila kuagizwa. Anakuja na shangazi yake aliyemlea, na shangazi huyo ndiye mwenye neno. Nyumba mbili keshazikataa. Akae hapo, akalie mto wa soksi, aanze kujiuliza kinachonuka.

"Mimi wakinicheka sawa, nimezoea, nina ninyi," alisema. "Wakimcheka mwanangu, sijui nitafanya nini."

Basi tukaacha kucheka. Hapo ndipo akili ilipotakiwa, na Profesa akawahi na yake. Mama Timu na Nahodha walikuwa kwenye kikundi cha akina mama, hawarudi kabla ya saa tisa. Watoto waliobaki wapelekwe uwanjani. Sisi tuondoe kila kilichoshonwa, kilichojazwa na kilichounganishwa, tukifiche kwa Kiraka, na mahali pake tuweke vitu vya watu wazima. Mambo yakiisha tunarudisha, mwenye nyumba hajui. Nakubali kwamba tulikuwa wanaume watatu wenye akili timamu na hakuna aliyepinga.

Tukaingia kazini. Mito, mapazia, vitambaa vya meza, zulia la magunia, blanketi, vyote tukavisokomeza kwenye viroba vitatu, tukavibeba hadi kibandani kwa Kiraka. Mimi nikatoa kiti changu cha kunyolea, chenye kanyagio la kupandisha, na kioo. Profesa akaleta saa ya ukutani isiyotembea. Bado hapakuwa na pa kukalia, tukatazamana, tukalibeba benchi. Baba Timu nikamvisha suti yangu. Mikono ilimfika karibu na viwiko, nikamshauri aikunje kifuani kama mtu mwenye mawazo.

Tukiwa katika kuhangaika huko, alipita kibandani kijana mmoja mgeni, kavaa koti zuri, anachechemea. Msumari umetokeza ndani ya kiatu cha kulia na ana miadi muhimu. Kiraka alikuwa na haraka zake. Akaupiga msumari nyundo, akavuta kitambaa cha kwanza alichokishika, akakata kipande cha kiganja, akakilaza ndani ya kiatu na kukibandika. Kijana akakanyaga, akatabasamu, akaenda zake. Mimi nilikuwepo nimebeba kioo, na sikuona la ajabu. Fundi viatu kukata kitambaa ni habari gani?

Saa tisa Mama Timu akarudi. Alisimama mlangoni, akaangalia benchi, akaangalia kiti cha kunyolea, akamwangalia mumewe aliyekunja mikono kifuani.

"Mito yangu?" aliuliza.

Baba Timu akajibu kwamba imepumzishwa kidogo, kwa sababu ya ugeni.

"Haya," alisema Mama Timu, taratibu kabisa, akaingia jikoni.

Wajuzi wanajua, mwanamke akisema haya kwa sauti ya chini, mwenye busara anatafuta viatu vyake. Sisi tulibaki. Benchi lilikuwa letu, na kwa siku hiyo mwenye benchi alihesabika mjomba wa bibi harusi.

Saa kumi kamili wakabisha hodi. Shangazi alikuwa mwembamba, mrefu, macho makali, sketi imeshushwa upindo mara mbili na mstari wa upindo wa zamani unaonekana. Hilo ningelitilia maanani, nisingepata aibu. Tukamkaribisha kwenye kiti cha heshima, yaani changu. Nyuma yake akaingia kijana na koti lake zuri. Nikamgusa Kiraka. Kiraka alikuwa tayari ameshamwona, na jasho limeshamtoka, ingawa wakati huo mimi nilidhani ni joto.

Profesa akasimama kuwa msemaji wetu. Aliwakaribisha kwa maneno marefu, kisha akaanza kuusifia ukoo. Akasema wajisikie huru, nyumba hii haijui sindano wala uzi, hapa kila kitu ni cha dukani. Kikitoboka kinatupwa. Baba Timu naye kwa kupagawa akaongezea kwamba hata benchi hili, hapana, benchi ni la babu yake, alilirithi, ila mengine yote ya dukani. Shangazi alisikiliza bila kupepesa. Wakati huo Golikipa aliyetoroka uwanjani alikuwa amelikuta kanyagio la kiti na kulibonyeza. Shangazi akaanza kupanda. Profesa anasifia, shangazi anapanda, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitaja jambo hilo.

Alipofika mwisho alizungumza nasi kutoka juu.

"Mwanangu aliniambia kuna nyumba yenye watoto kumi na mmoja ambayo haitupi kitu," alisema. "Aliniambia kuna blanketi. Mimi nimelea tisa, wote si wa kuzaa, kwa cherehani moja. Nyumba mbili nilizikataa kwa sababu niliona chakula na nguo kwenye pipa la taka. Hapa naona saa isiyotembea, na kioo kimeandikwa watoto nusu bei." Akamgeukia kijana. "Tumepotea nyumba. Nisaidie nishuke."

Nahodha alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la chai. Hakulia. Alimtazama baba yake tu, na nikiri, sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile. Mtu mzima mwenye kadi ya kupigia kura, nimeharibu posa ya mtoto niliyemnyoa nywele za kwanza.

Mama Timu akatoka, anajifuta mikono.

"Dada, shuka taratibu, hujapotea," alisema. "Shemeji zangu, nendeni mkalete vitu vyangu. Vyote. Mbele ya wageni."

Tukaenda, tukarudi, kila mtu na kiroba mgongoni. Tulipanga mito, tukatundika mapazia, Profesa akafunga vifungo kimoja kimoja huku shangazi akimwelekeza kwamba ameruka tundu. Shangazi akaukalia mto, akauminya, akauliza umejazwa nini. Alipoambiwa ni soksi alifunga macho kwa furaha, akasema yeye miaka yote alikuwa anatumia matambara, na matambara yanajikusanya upande mmoja.

Mwisho likakunjuliwa blanketi. Nahodha alishika pembe moja, mama yake nyingine, na karibu na pembe ya Nahodha palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Uliweza kumwona aliyesimama upande wa pili kupitia tundu hilo.

"Ni langu," alisema Nahodha. "Mama, ni gauni langu." Hapo ndipo alipolia.

Mama Timu aliuliza ni nani. Hakupaza sauti. Macho ya Kiraka yalikuwa yamekwama sakafuni, kwenye kiatu cha kulia cha yule kijana, na mmoja baada ya mwingine wote tukayafuata mpaka hapo. Kijana akainama, akavua kiatu, akachungulia ndani. Maua madogo ya njano, yamebandikwa kwa gundi bora kabisa ya Kiraka.

Akaanza kukibandua huku anaomba radhi. Mama Timu akamzuia.

"Acha, baba," alisema. "Hapa kitu kikishashonwa mahali hakifumuliwi. Kama gauni la kwanza la mwanangu umeshaondoka nalo, rudi na shangazi yako tupange siku, uje umchukue na mwenyewe."

Shangazi alipiga makofi mara moja tu, akasema hilo ndilo neno alilolifuata. Kisha akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola yake, eti hatembei bila sindano, akauliza tundu litazibwa na nini. Mama Timu alikuwa ameshachukua mkasi. Alimsimamisha Kiraka, akageuza shati lake, akapima kwa kiganja, akakata mkia wote wa nyuma. Kiraka hakupinga. Kipande kina doa la gundi, na mpaka leo kipo pale.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kulichukua benchi. Mama Timu akatupokea vizuri, akatuuliza kama tumesahau kwamba mume wake alitamka mbele ya wakwe kuwa benchi ni la babu yake, na wakwe wanarudi mwezi ujao. Je, tunataka mwenzetu aonekane mwongo? Tukamtazama Baba Timu. Baba Timu alikuwa anatazama dari.

"Lakini mlango uko wazi," alisema Mama Timu. "Karibuni mkae."

Tukakaa, kila mtu kwenye bonde lake. Ukweli usemwe, sebuleni hakuna vumbi na chai ipo. Profesa alikuwa anakunjua gazeti pale Mama Timu aliporudi na kapu, akaliweka miguuni petu. Harusi haiko mbali, maharusi wanahitaji mito, na katika nyumba yake benchi halikaliwi bure. Kila mmoja akapewa sindano. Kapu lilikuwa limejaa soksi.

Sasa ndivyo tulivyo. Profesa anasoma huku kavaa kikofia cha chuma cha kuzuia sindano kidoleni, Kiraka anashona haraka kuliko wote na anajisifu, mimi nalaumiwa kwa mishono mirefu. Juzi Kiraka alichungulia nje, akaona wateja wake ng'ambo ya barabara wamesimama mbele ya kibanda wanamtafuta, akajikunja nyuma yangu na kuninong'oneza nifunge pazia. Nikafunga vifungo vyote, mpaka cha kola.