Msuli Ulionenepa kwa Siku Tatu

Jumatatu, tarehe 4
"Msuli wa kupumulia haupimwi mgonjwa akiwa amelala leo na amekaa kesho, kisha ukalinganisha." Kayasema hayo Bi Mazoezi, mtaalamu wa viungo, mbele ya wauguzi. Upuuzi. Msuli ni msuli. Miaka kumi na tisa naendesha mashine ya ultrasaundi. Yeye anakunja magoti ya watu. Nikamwambia shati halinenepi kwa kuanikwa. Wauguzi wakacheka. Nadhani walikuwa upande wangu.

Nitamkomesha kwa takwimu. Mzee Fundi Viatu, kitanda cha sita, yuko kwenye oksijeni wiki ya tatu na anataka kwenda kwake. Nimempima amelala: milimita moja na nusu. Msuli mwembamba. Ukinenepa, mchoro wangu wa vipimo utapanda, na mzee ataonekana anaweza kupumua bila oksijeni.

Alhamisi, tarehe 7
Mgongo unaniuma, sikutaka kuinama. Nikamketisha mzee. Milimita mbili na ushei! Akanishika mkono, akaniita mwanangu, akasema sasa mkewe atapata usingizi. Pale fomu inapouliza amelala au amekaa, nimepaacha patupu. Kupajaza ni kumpa Bi Mazoezi ushindi.

Ijumaa, tarehe 8
Kikao cha madaktari. Bi Mazoezi akauliza mzee alipimwaje. Nikajibu: kwa mashine. Kicheko. Daktari mkuu alikuwa anasitasita. Mchoro wangu ukamaliza ubishi. Mzee kaenda nyumbani bila oksijeni.

Jumamosi, tarehe 9
Mzee karudishwa alfajiri, midomo ya buluu, mkewe akimpepea kwa bahasha ya majibu yangu. Oksijeni tena.

Mchana alipotulia, Bi Mazoezi akaniita kitandani. Hakunisuta, heri angenisuta. Akamlaza mzee kidogo, nikapima: moja na nusu. Akamketisha: mbili na ushei. Dakika tano tu. Mzee akaniomba radhi, akidhani yeye ndiye aliyelegeza msuli njiani. Uso umeumbwa na haya. Wangu leo ulitaka kujificha chini ya kitanda.

Jumapili, tarehe 10
Mzee amekula uji, anaongea. Mimi sijala. Nimeanza barua ya kukiri kwa daktari mkuu. Nikaandika mstari mmoja, nikausoma, nikauchana. Kosa si kulala wala kukaa. Kosa ni watu kuulizauliza.

Basi ninyi wagonjwa wa kifua, kitanda cha kwanza hadi cha kumi na mbili, nawataka jambo moja: kesho Bi Mazoezi akiwauliza mlipimwaje, jibuni mlikuwa mmelala. Nanyi nitakaowaketisha, jibuni hivyo hivyo.