Ndege ya Alhamisi

Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023
Mwezi wa nne sasa tangu Wachina wanirudishe, na mama hajui. Niko Kasha, chumbani kwa rafiki yangu Luc. Mama yuko Nguba, upande wa pili wa mji. Kwake mimi bado ni mwanafunzi Uchina, tena profesa, mwalimu wa Kifaransa!

Profesa kweli nilikuwa. Watoto kumi na wawili, kila Jumamosi, bonjour, bonjour. Karatasi ya chuo ilisema wazi: mwenye viza ya masomo hafanyi kazi bila ruhusa ya chuo na ya polisi wa wageni. Niliisoma vizuri. Nikajiambia ni ya wale wengine. Polisi walipoingia tulikuwa kwenye siku za juma. Hatukupita mercredi, Jumatano.

Leo mama alipiga simu ya video saa nane mchana, kama kila siku. Nikafunga dirisha, maana huko ni usiku. Shuka nyeupe ukutani, koti ya baridi mwilini. Mvua ikaanza. Bati za Luc, jamani! Mama akasema hata Nguba inanyesha. Nikasema ajabu ya Mungu. Anakohoa sana.

Jumanne, tarehe 7 Machi
Dada yangu Eulalie ameandika. Mama hatoki tena kitandani. Daktari anasema ni moyo. Mama anataka kuniona.

Nililia. Kisha nikafanya mpango. Nitashuka kutoka Uchina! Nimemjibu Eulalie kwamba nimepata ndege, natua Kavumu Alhamisi. Kutoka Uchina ni siku mbili, kabla ya hapo nani ataamini?

Luc anasema nichukue moto, hiyo pikipiki ya hapo barabarani, niende Nguba leo hii. Eti nimwangukie mama miguuni, yataisha. Nimemwambia yeye hajasafiri, hajui mambo. Mtu wa Uchina hafiki mikono mitupu.

Jumatano, tarehe 8 Machi
Valizi! Asubuhi nzima kutafuta valizi, sanduku la safari. Maman Martine, shangazi yake Luc, ameniazima yake. Gurudumu moja limekufa. Nimeijaza mablanketi ya Luc ili iwe nzito.

Mama amepiga mwenyewe. Sauti ndogo kabisa. Akasema: “Mushagalusa, mwana wangu, kuya leo. Ata bila kitu. Eulalie iko anapika muchele.” Nikamwambia mama, huku ni mbali, vumilia hadi kesho. Akakohoa. Kisha akasema: “Basi panda moto.”

Homa hii! Moto kutoka Uchina! Nilimsimulia Luc nikicheka. Luc hakucheka.

Alhamisi, tarehe 9 Machi
Nilikwenda kwanza hadi Kavumu, ili nionekane nikitoka uwanja wa ndege. Koti ya baridi, jasho hadi kwenye soksi. Taksi ikanishusha Nguba saa sita.

Kwenye kona yetu nikaona viti vya plastiki. Hema la plastiki limetandwa mbele ya mlango. Wamama wamejifunga vitenge kiunoni.

Mama alikata roho saa kumi na moja alfajiri, wakati mimi nilikuwa napiga koti pasi.

Watu wakanipisha. Wakasema tazameni upendo, huyu ametoka Uchina kwa siku mbili! Nikapita katikati yao nikiburuta ile valizi. Mama alikuwa amefunikwa shuka nyeupe kama ile yangu. Mama yangu jamani. Dakika arobaini tu za moto kutoka Kasha. Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, tarehe 11 Machi
Tumemzika leo.

Baadaye Eulalie aliniita nyuma ya jikoni. Akasema mama alijua tangu Krismasi. Aliniona kwenye soko la Bagira, hapo karibu na Kasha, nikijificha nyuma ya magunia ya makala, mkaa wa kupikia. Aliwakataza wote wa nyumbani wasiniaibishe, nije mwenyewe. Toka siku hiyo, kila jioni aliniwekea sahani. Alikuwa anasema leo Mushagalusa atashuka kutoka Kasha.

Nikamwambia Eulalie kwamba mama alifananisha. Desemba mimi nilikuwa kwenye mitihani!

Eulalie hakugombana. Akaingia ndani, akaniletea sahani yenye kifuniko cha buluu, ya Jumatano ile, hakuna aliyethubutu kuitoa. Wali ulikuwa umeshaharibika. Niliula wote nikilia, naye akalia.

Jumapili, tarehe 12 Machi
Cédric, jirani yetu, amepata chuo Uchina. Aliniuliza mbele ya watu kama mwanafunzi anaruhusiwa kufundisha lugha huko. Nikamwambia asihangaike. Akasema kuna karatasi inayokataza. Nikamwambia hiyo ni ya wale wengine. Alinishukuru sana.

Wakauliza narudi masomoni lini. Mdomo wangu ukajibu: kesho! Sasa wanataka kunisindikiza hadi Kavumu na sala. Eulalie peke yake amesema haendi.

Luc hanitaki tena chumbani mwake mpaka niseme ukweli. Na Kasha kweli imechoka, watu wananiona. Nimepata chumba Mudaka, iko kwenye njia ya Kavumu kabisa. Nitawapungia mkono pale uwanjani, wakiondoka napanda moto.

Shuka nyeupe nimeikunja, iko ndani ya valizi. Koti pia. Leo saa nane mchana nilifunga dirisha, nikakaa na simu mkononi hadi saa tisa.