Mshale Wenye Hisia

Jumatatu, 3 Juni

Nyota yangu imewaka! Daktari wa meno amehamia jengo jipya na wagonjwa wanapotea ukumbini. Anataka vibao: mapokezi, chumba cha kung'olea meno, choo, njia ya kutokea. Dada yangu, mwenye jino bovu na roho nzuri, amenitaja kwake huku mdomo umejaa pamba. Daktari alielewa nusu. Nusu inatosha.

Imekuja wakati wake. Jana mezani shemeji, mume wa dada, alitangaza kwamba nisipopata kazi ya maana wiki hii, Jumatatu ijayo nitakwenda dukani kwake kupima misumari. Mimi! Mwenye mikono hii! Nilichukua kipande kingine cha mkate kwa dharau.

Kuna doa moja. Daktari amemwita pia Rula. Tulisoma chuo kimoja, mimi sanaa ya michoro, yeye usanifu wa michoro. Msichana yule hachori hata duara bila kulipima, ndiyo maana tukamwita hivyo. Vibao vyangu vitatundikwa Alhamisi, vyake Ijumaa, na atakayemfurahisha daktari atapata kazi. Natangulia mimi! Dada akanikumbusha kwamba kutangulia si kufika. Dada ana wivu wa kidugu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Rula. Nilifunga shavu kwa kitambaa nikajifanya mgonjwa. Maskini, hana hata penseli! Amesimama ukumbini akitazama watu wanavyopotea. Akamuuliza bibi mmoja kama anaweza kusoma bila miwani. Akapiga magoti aone ukuta kama mtoto anavyouona. Nilicheka hadi kitambaa kikafunguka, akanitambua.

Akanipa somo nisiloliomba. Eti mchoraji akimaliza kazi yake, kila mtazamaji ana haki ya kuelewa lake. Msanifu akimaliza, watu wote waelewe jambo lilelile, tena upesi, hasa mwenye maumivu. Nikamwambia hizo ni kelele za mtu asiye na kipaji. Nilitaka kuongeza jambo zito zaidi, lakini nesi aliyeliamini shavu langu akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti cha daktari. Nimetoka na meno safi sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimechora! Kwa chumba cha kung'olea meno, mshale mwekundu unaopanda kwa matumaini, unajipinda kwa uchungu, unazama, kisha unaibuka upande usioutarajia. Maneno sikuweka. Maneno ni magongo, na sanaa ina miguu yake.

Dada aliuliza unaelekeza wapi. Nikamjibu kwamba mshale wa kawaida unaelekeza, wangu unahisi. Shemeji alipita na kuuliza kwa nini nimechora konokono. Mtu wa misumari, utamlaumu?

Cha choo ni buluu tupu. Anayehitaji ataelewa.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi, ushindi! Umati mbele ya mshale wangu, vichwa vimelala upande, hakuna anayesogea. Nilijibanza nyuma ya mlango nikisikiliza. Mmoja aliona mto uliofurika. Mwingine aliona ugomvi wa mawifi. Mama mmoja alisema unamkumbusha marehemu mumewe, akajifuta machozi. Nani amewahi kulilia kibao cha Rula?

Kisha akaja mama mzazi wa shemeji, shavu limevimba. Kati ya watu wote wa dunia hii! Aliufuata mshale kwa utiifu, ukamzungusha, ukamwingiza mlango wa pili kwa fundi cherehani. Akaketi, akafumba macho, akafungua mdomo. Fundi, mtu asiyewahi kumfukuza mteja, akampima kiuno. Mama amerudi nyumbani na jino lake lilelile na ahadi ya gauni lenye mikunjo.

Hata hivyo, amekiri kwamba hakuumia hata kidogo. Shemeji alileta mizani ya dukani akaiweka karibu na sahani yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesimama ukumbini nikiangalia aibu ya Rula. Herufi nono nyeusi kwenye ubao mweupe. Mshale ulionyooka. Picha ya jino. Ndiyo hivyo tu! Na watu? Wanatupa jicho, wanapita, wanaingia chumba sahihi. Hakuna hata mmoja aliyesimama kumsifu. Mama wa shemeji alivuka ukumbi bila kupunguza mwendo, akang'olewa jino, akatoka. Namhurumia Rula. Kazi yake haionekani kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Vibao amepewa Rula! Lakini daktari hakuwa amemaliza. Anautaka mshale wangu, mkubwa, ukutani mbele ya kiti chake. Anasema mgonjwa mwoga kuliko wote aliutazama hadi akasahau kuogopa. Anataka nichore kuta zote, kila chumba, hadi mwisho wa mwaka.

Furaha ilinipanda, sikatai. Karibu nimkumbatie na koleo lake. Kisha nikauliza: je, watu watazifuata picha zangu kufika mahali? Akasema la, watazitazama tu. Kutazama tu! Kama pazia! Nikamwambia mimi ni msanifu, sipambi kuta. Nikatoka, na kwa bahati mbaya vibao vya Rula vikanionyesha mlango mara moja.

Rula alinikimbilia hadi kwenye ngazi. Alinisihi nirudi. Alisema yeye mwenyewe alisimama mbele ya mshale ule akasahau alichokuwa akipima, na kwamba angetoa rula zake zote aweze kuchora kitu kama kile. Machozi yalimlengalenga. Nikautambua mtego mara moja. Anaogopa ushindani!

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza dukani, na tayari nimeaminiwa usanifu! Shemeji ameniomba niandike vibao vya rafu za misumari. Ukubwa tu, alisema, namba kubwa, mtu aone upesi. Nikamtuliza kwamba yuko mikononi mwa mtaalamu.

Nimemaliza kabla ya chai. Hakuna hata namba moja. Msumari wa inchi mbili nimeuchora kama kijana mwenye kisirani. Wa inchi nne umeshasamehe. Wa bati una siri.

Seremala amesimama mbele ya rafu tangu asubuhi. Hanunui, hasemi, anatikisa kichwa tu. Ameguswa! Nyuma yake foleni imefika barabarani, na watu wanalitaja jina langu kwa sauti kubwa. Sasa shemeji anakuja huku ameshika nyundo. Bila shaka anataka kunipigilia vibao vyangu vikae daima.