Nakala za Ijumaa

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Kompyuta ya tawi letu la Ambatoloaka imekufa. Chumvi ya bahari imeila matumbo. Nafasi zote walizoweka wageni wa kisiwa cha Nosy Be zimekwenda nayo, na jana Mtaliano na mke wake mpya walifunguliwa chumba chenye Mtaliano mwingine, anaoga.

Asubuhi Bibi Rahamatou, mwenye kampuni yetu ya watalii, alinikalisha chini hapa ofisini Mahabibo. Akiwa na furaha huongea Kimalagasi, akikasirika Kifaransa. Leo Kifaransa kilianzia mlangoni. Anataka huduma ya kuhifadhi nakala za kazi zetu kwenye mtandao. Mimi nilete pendekezo, na Ousséni, msimamizi wa tawi la Nosy Be, alete lake. Atakayeshinda atasimamia ofisi zote mbili. Atakayeshindwa atakwenda Boanamary mwisho wa mwezi kufungua kibanda cha kuvusha wageni kwa boti.

Boanamary. Matope, mbu, na mtandao unaokuja ukijisikia. Mimi ni mtu mzima mwenye goti bovu. Siendi.

Naandika haya kwa Kiswahili nilichookota Zanzibar ujanani, nikiuza karafuu za watu. Ofisini hakuna anayekisoma. Hadidja wa kaunta, ambaye kwao ni Wangazija, anadai anaelewa nusu. Nusu ipi, hasemi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepitia huduma hadi macho yakawasha. Moja ni ya bure, lakini nafasi yake inajazwa na picha za meza moja ya harusi. Nyingine bei yake ni ya kununulia ofisi yenyewe. Nyingine inaahidi kuyaweka mafaili yetu ndani ya mlima, Ulaya. Hiyo niliipenda sana, kisha nikakumbuka Bibi Rahamatou haamini kitu asichoweza kukifuata kwa teksi.

Nikampigia Ousséni, kumjulia hali tu. Nikamwuliza kompyuta yake imezikwa wapi. Akacheka, akaniita fundi. Kwetu fundi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na Ousséni hunipa cheo hicho akitaka kunichoma. Akajisahau, akasema yeye amechagua huduma inayonakili kila badiliko palepale, mchana kutwa.

Basi. Nimeshajua nitakachochagua: kingine chochote.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimeshinda.

Nilimweleza Bibi kwamba huduma ya Ousséni ingekunywa intaneti yetu yote, na wateja wangekaa kaunta wakitazama kiduara kikizunguka. Yangu hunakili mara moja kwa wiki, saa unayoipanga mwenyewe. Nimeipanga Ijumaa adhuhuri. Sisi tuko msikitini, mashine iko kazini. Bibi alirudi kwenye Kimalagasi palepale. Akasema ni mara ya kwanza anaona wazo langu lenye dini.

Hadidja alitaka kujua kama nitajaribu kurudisha faili moja, kuona kama kweli linarudi. Nikamwambia ukimwekea mtu amana humpigii hodi kila jioni kuihesabu. Akasema amana huwekwa kwa mtu unayemjua. Binti huyu hakosi neno.

Ousséni hakupiga simu. Nikampigia mimi, kumpa pole ya mbu mapema.

Ijumaa, 7 Oktoba

Siku yenyewe. Nilitoka wa mwisho, maana mfunga ofisi ni mimi. Tangu mwaka ule feni ilipoungua sisi tukiwa kwenye hotuba, Bibi ametuwekea sharti kwamba saa ya swala umeme usibaki unawaka. Sharti hilo nalilinda kuliko anavyolilinda yeye. Nikaiangalia kompyuta, nikaiambia haya, kazi kwako. Nikashusha swichi kubwa ya ukutani, nikafunga mlango, nikaenda msikitini na kanzu mpya. Nilisikiliza hotuba kwa utulivu wa mtu ambaye mafaili yake yanapaa.

Niliporudi nikawasha, nikakuta barua pepe kutoka kwa watu wa huduma. Kiingereza, lugha nisiyoijua. Neno la kwanza herufi kubwa, nyekundu, na alama ya mshangao. Pongezi. Wanajua kumthamini mteja.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimefunga ofisi tena, nimeswali tena, nimepongezwa tena. Nyekundu ya leo imekolea zaidi. Nilimwonyesha Bibi. Akauliza inasemaje. Nikamwambia wameridhika.

Wiki nzima nimekuwa kwenye kazi ya Mariamou, mpwa wake Bibi. Familia yote inatoka Marseille, harusi hapa Mahabibo, kisha mapumziko Ambatoloaka. Kupanga vyumba vya watu hawa ni kama kupanga viti vya mabalozi. Shangazi Kouraichia na shangazi Sittou hawasemezani tangu msiba fulani, ambapo pilau ya mmoja ilipelekwa kwa maimamu na ya mwingine ikaachwa jikoni. Nimewaweka ncha mbili za ufuo, wasionane hata wakipunga mkono. Kazi bora ya maisha yangu.

Ousséni ameomba nimtumie mpango huo. Nikamwambia ataupata siku wageni watakapofika, aone ustadi ukiwa wa moto. Hadidja alitaka kuuchapisha. Nikamwambia karatasi ni mambo ya babu zetu. Ya kwetu yako mtandaoni.

Jumatatu, 17 Oktoba

Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira. Kompyuta ikatoa harufu ya mshikaki, ikanyamaza.

Hadidja akashika kichwa. Bibi akaingia Kifaransa. Mimi peke yangu nilitabasamu. Nikaomba simu ya Hadidja, nikawaambia wasogee, waone faida ya kufikiri mbele. Nikaingiza neno la siri.

Hamna kitu. Sanduku tupu, halina hata vumbi.

Nilitoka nje kumpigia Djaanfar, shemeji yangu, ambaye Kiingereza anakijua. Nikamtumia zile pongezi. Akazisoma, kisha akaniambia hawa watu wanalalamika: kila Ijumaa adhuhuri wanaitafuta mashine na mashine imezimwa. Akaniuliza, shemeji, nani anaizima?

Nikamwambia mtandao unakwaruza. Nikakata.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimepanga vyumba kwa kichwa. Kichwa changu nakiamini. Nilikumbuka wazi kabisa kwamba Kouraichia na Sittou wana jambo fulani kati yao. Nikahisi ni mapenzi ya ndugu. Nikawapa bangalo moja, chandarua kimoja.

Ousséni alipiga simu leo. Hakuzungumza, alishika tu simu kuelekea dirishani ili niwasikie mashangazi.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mashangazi wamepatana. Walihitajiana ili kuniandikia malalamiko. Mmoja ana mwandiko, mwingine ana maneno.

Bibi Rahamatou aliniita. Kifaransa cha polepole, ambacho ni kibaya kuliko cha haraka. Aliuliza nani aliyezima swichi. Nikasema nilitii sharti lake. Akakiri kwamba ni kweli, sharti ni lake, na kwamba mtu mwenye utii wa namna hiyo ataifaa sana Boanamary, kwa sababu kule hakuna swichi.

Ofisi zote mbili kapewa Ousséni. Amenipigia kunipa pole. Hakuniita fundi, kaniita kaka, kwa upole kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 1 Novemba

Boanamary si pabaya kama nilivyowaambia watu. Kibanda kina bati jipya. Mbu wapo, lakini wana ratiba.

Bibi ameniachia uamuzi mmoja tu: kuwatafutia wageni majaketi ya kuelea kabla ya boti kuanza safari. Nimeuamua bila kumsumbua mtu. Nimeyapata kwa bwana mmoja bandarini aliyeniapia kwa mama yake. Rangi ya machungwa, yanang'aa, utadhani sikukuu. Ousséni hana kama haya.

Hadidja amepiga simu. Mtandao ulijisikia, tukasikilizana. Alitaka kujua kama nimelitia majini hata moja, kuona kama linaelea. Nikamcheka. Nikamwambia, binti yangu, kitu kipya kinatunzwa. Nimeyaacha ndani ya nailoni zake na kuyafunga vizuri, yasije yakaloa.