Mtu Yeyote Isipokuwa Virgil

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Ukungu tangu alfajiri. Mahindi ya jirani yamerefuka hadi kuficha barabara, na kutoka dirishani dunia yote yaonekana kuishia kwenye banda langu la gari. Naliomba radhi daftari hili kwa kulitelekeza tangu Pasaka.

Habari ni hii. Mwanangu Rosina amenipa muda hadi Jumapili. Mwisho wa mwezi nahamia kwake, chumba cha chini, chenye dirisha zuri. Gari halihamii. Alinieleza kwa upole, mkono wake begani mwangu, kwamba ama niliuze mwenyewe, ama Jumatatu ijayo atamwita dalali wa mnada. Nikamwambia nimeelewa. Akasema, "Baba, kila mara unasema umeelewa."

Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya mwaka 1967, ambayo sisi tunaoipenda huiita Mbuzi. Nilimkuta katika ghala la mjane mmoja, magugu yameota sakafuni pake. Miaka kumi na moja nilimfufua, bolti kwa bolti, marehemu mke wangu Loretta akinimulikia tochi na kunisomea gazeti. Rangi yake ni ya buluu nyepesi kama mbingu baada ya mvua. Injini ikinguruma, vikombe vya jikoni huitikia.

Loretta aliniomba jambo moja tu kabla hajafumba macho. Nimuuzie gari mtu yeyote isipokuwa Virgil Poeppelman. Virgil aliwahi kulinunua gari la mjomba wake Loretta, akalikata paa, akalichora ndimi za moto. Loretta hakula siku mbili. Nilimpa neno langu. Basi, mtu yeyote. Mtu mmoja tu ndiye asiyefaa, katika Ohio nzima! Haiwezi kuwa kazi ngumu.

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Mpango wa kwanza: tangazo ambalo Virgil hatalisoma. Nimeliandika kwa mwandiko wa masista walionifundisha, herufi zimelala upande mmoja kama ngano katika upepo. Nimelibandika mahali patatu ambapo Virgil hajakanyaga maishani: maktaba, kwa daktari wa meno, na karibu na kiti cha kitubio kanisani.

Nimerudi nikijisifu. Naomba radhi kwa neno hilo, lakini ndilo.

Saa nane mchana, Virgil yuko barazani kwangu, shavu limevimba. Amevunjika jino kwa hindi la kuchemsha. Akanipongeza kwa tangazo zuri, alilolisoma mara nne akingoja kuitwa. Akataka kujua bei. Nikamwambia ni mapema mno kuzungumzia bei. Akasema ameingoja bei hiyo miaka ishirini, na kwamba amekwisha kuchagua rangi: chungwa. Nikamkaribisha kahawa, maana ningefanyaje? Akanywa upande mmoja wa mdomo, macho yake bandani. "Mzee Leander, huyo Mbuzi ananiita. Humsikii?"

Nilimsikia, kusema kweli. Ila hakuwa akimwita yeye.

Jumatano, tarehe 14 Agosti

Mnunuzi! Kijana mtanashati kutoka Dayton, viatu vyeupe. Alimzunguka Mbuzi mara mbili bila kusema neno. Ishara njema.

Hapo nikatoa Karatasi. Sista Radegunda alitufundisha kwamba kuficha kasoro ni kusema uongo kwa mdomo uliofumbwa. Kwa hiyo nimeorodhesha kasoro zote za gari, thelathini na moja, kwa mpangilio wa umri. Nikamwomba kijana aketi, nikaanza kusoma. Ya kwanza, na kubwa kuliko zote: injini si ile aliyozaliwa nayo Mbuzi. Namba zake hazilingani na za bodi, nalo hilo hushusha thamani. Ya pili, kishikio cha mlango wa kulia kilitoka kwenye gari lililozama mtoni. Ya tatu, ya nne. Nilipokuwa kwenye ya kumi na tisa (kiti cha abiria kimebonyea kwa umbo la marehemu mke wangu, na sikukubali kukinyoosha) niliinua macho. Kijana hayupo. Vumbi tu, linashuka polepole juu ya mahindi.

Nilibaki nimeketi. Vumbi lile lilikuwa zuri, rangi ya dhahabu. Nikamalizia kusoma zilizobaki, kwa ajili ya ukamilifu.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Misa ya asubuhi, maua mengi. Nilipotoka kanisani simu iliita. Bibi mmoja, Corinne Haverstock, muuguzi mstaafu wa Toledo. Mpwa wake aliliona tangazo langu maktaba. Baba yake Bi. Corinne mwenyewe alikuwa na Mbuzi wa buluu, akaliuza gari hilo binti akiwa na miaka tisa, naye alilia hadi akapata homa.  Nikaitoa Karatasi mfukoni, nikamsomea yote kwa simu. Akasikiliza zote thelathini na moja! Mwishoni akauliza kama kiti kile kilichobonyea kinaweza kubaki vilevile.

Nikamwambia kinaweza.

Atakuja kesho jioni, kwenye mkutano wetu wa Ijumaa wa wapenda magari ya zamani. Ndiye mnunuzi, sina shaka. Loretta angempenda. Lakini alisema neno lililonikosesha raha: kwamba yeye ni mtu wa kufikiri sana kabla ya kuamua. Akifikiri hadi Jumatatu, je? Dalali atakuwa ameshafika.

Kwa hiyo nimebuni mpango, na naona haya kwa ubora wake. Mtu huamua upesi aonapo mwingine akitamani kile anachokitaka. Anahitajika mnunuzi wa uongo, aje na kutamani kwa sauti kubwa. Nani aweza kutamani gari langu kwa namna ya kusadikisha? Virgil! Hana haja hata ya kuigiza. Atanitajia bei mbele ya Bi. Corinne, nami nitakataa kwa heshima.

Nilimwendea Virgil nikamweleza.  Akakubali bila sharti lolote, isipokuwa kikombe cha aiskrimu, maana jino bado. Sikumdhania mtu mwema kiasi hicho. Nimekuwa nikimhukumu vibaya.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti

Kalamu yangu haitaki. Nitaandika hivyohivyo.

Jioni tulivu, jua limelala juu ya maghala. Magari yamejipanga mbele ya duka la aiskrimu, boneti wazi, wenyewe tumeketi nyuma kwenye viti vya kukunja kama kawaida yetu. Bi. Corinne alifika saa kumi na moja. Kitambaa cheupe kichwani. Aliingia upande wa abiria, akaketi pale penye bonde la Loretta, akafumba macho. Nikawasha injini.  Kwa muda fulani sikuwa na hakika ni mwaka gani.

Kisha akashuka, akasema ataenda kununua aiskrimu ili afikiri. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaona uso wake umeanza kukunjamana kwa mawazo. Hofu ikanishika. Nikampungia Virgil.

Loo, jinsi alivyokuja! Mikono miwili hewani, sauti ya mnadani. "Jamani, jamani! Leander, ndugu yangu, mnyama gani huyu! Unaniua, bwana!" Watu wakageuka. Shemeji yake Virgil, Cletus Wuebker, akasogea na kiti chake. Padri Hugo akasogea na kikombe chake. Virgil akataja bei. Ilikuwa bei nzuri kabisa, lazima nikiri. Kisha akanyoosha mkono.

Hapa nieleze, ijapokuwa hakuna wa kunisoma. Kwetu huku, bei ikitajwa mbele za watu na mikono ikashikana, biashara imekwisha. Hapahitajiki karatasi. Marehemu baba yangu aliuza ng'ombe wake bora kwa namna hiyo akiwa na homa, na alipopona hakudai arudishiwe.

Hayo yote nayajua. Lakini mkono wa Virgil ulikuwa hewani, na watu arobaini wanautazama. Sekunde moja. Mbili. Sista Radegunda alitufundisha kwamba kuuacha mkono wa mtu ukining'inia ni kumvua nguo hadharani.

Nikaushika.

Cletus akapiga makofi. Padri akasema Mungu abariki. Na nyuma yangu sauti ya Bi. Corinne, aliyekuwa ametoka kwenye foleni bila kununua kitu, ikasema kwamba hakuhitaji kufikiri tena, anamchukua. Halafu akaiona mikono yetu.

Nilimwomba radhi. Akasema si kitu. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, akaenda.

Nilimnong'oneza Virgil kwamba tulikubaliana ni mchezo. Akaninong'oneza, kwa upole sana, "Mchezo ulikuwa wako, Mzee. Mimi nilisema nitakuja tu."

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Virgil amekuja na hundi, na mkewe, na keki ya mahindi. Nimewakaribisha. Sikujua la kufanya na keki, kwa hiyo tumeila.

Nimempa funguo na Karatasi ya kasoro. Kaahidi kuisoma. Akasema kiti cha abiria atakitia sponji mpya. Nikamwambia hakuna haraka. Akasema hata kidogo, Jumatatu tu.

Mbuzi akatoka uani taratibu. Kwenye kona, mahindi yakamfunika, nikabaki na ngurumo tu, kisha hata ngurumo nikawa sina hakika kama ni yake au ni kumbukumbu. Vikombe vya jikoni vikatulia.

Loretta, nisamehe. Ulitaja mtu mmoja. Mmoja!

Rosina kapiga simu kunipongeza. Anasema anajivunia baba yake. Nilimshukuru.

Jumapili, tarehe 18 Agosti

Nimeamka na mwanga. Sikuona ni haki kuuita mpango, kwa kuwa ni zaidi ya hapo.

Virgil ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwona mtu mwingine akiwa na kitu asicho nacho yeye. Basi, nikionekana nimepata gari jingine la thamani, atasahau Mbuzi na kutaka tubadilishane! Nami nitakubali baada ya kusitasita kidogo. Kisha nitampigia Bi. Corinne.

Gari gani? Cletus anayo Pontiac Tempest ya mwaka 1966, ndugu wa damu wa Mbuzi, ghalani mwake nyuma ya trekta. Haina injini. Sakafu imebaki sehemu tu. Kuku wamehamia. Lakini Virgil hajui hali yake, kwa kuwa Cletus hamruhusu kuingia humo tangu ugomvi wao juu ya ngazi aliyoiazima Virgil asiirudishe.

Nilimkuta Cletus nje ya kanisa baada ya Misa, nikamweleza kwa ukamilifu: ajifanye ananiuzia, kwa sauti, mbele ya watu, ili Virgil asikie. Cletus aliuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Akauliza tena. Mtu makini sana. Basi akataja bei, ndogo kwa kweli, nikasema nimekubali, na tukapeana mkono imara mbele ya Padri Hugo na Chama cha Wanawake wote. Virgil alikuwa hatua kumi kutoka hapo. Alitutazama mdomo wazi!

Nimetembea nyumbani kwa miguu. Upepo ulikuwa ukipita katika mahindi kama mtu anayefungua gazeti.

Jumanne, tarehe 20 Agosti

Lazima niseme, Cletus anaigiza kuliko nilivyomwomba. Jana aliwafukuza kuku, wote isipokuwa mmoja mkaidi. Leo asubuhi kafika na trela, ameiteremsha Tempest kwenye uwanja wangu, mbele ya dirisha, na kunikabidhi hati ya umiliki iliyotiwa sahihi. Nilimkonyeza kuonyesha naelewa. Hakunikonyeza. "Basi, Mzee, kila la heri nayo," akasema, akanipa mkono, akaondoka na trela tupu. Hakutoka nje ya mchezo hata mara moja!

Virgil kapita na Mbuzi saa nne. Akapunguza mwendo, akaitazama Tempest, akacheka hadi honi ikalia. Naona wivu umeanza kumshika.

Rosina anakuja saa tisa kupima fanicha. Nitamweleza kwamba gari hili si langu, ni la muda tu, na kwamba Cletus atalifuata jioni, pengine kesho. Sikutaka kumuuliza ni lini hasa. Ingeonekana kama simwamini.

Kwa kungoja tu, nimekaa kidogo nyuma ya usukani. Jua limepenya kwenye matundu ya paa na kunidondokea magotini, vipande vidogo vidogo. Usukani ni wa asili. Namba za bodi zinasomeka. Nimezinakili kwenye karatasi safi na kuandika juu yake: Kasoro. Nimefika ya hamsini na nne.

Kwenye kiti cha abiria kuna mayai matatu. Bado yana moto.