Magoti Yangu na Kigoda cha Mjomba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepata pigo. Dada yangu Mwaisha amepiga simu asubuhi kutoka nyumbani kwetu, kule juu ya Matombo. Upande wa mchumba wa Mwanvita wanakuja kuleta mahari. Lini? Jumamosi hii! Wapi? Huko huko juu!

Mwanvita ni binti wa Mwaisha, mwalimu, mtoto niliyembeba mgongoni. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yake atakaa, atakula, atatabasamu. Anayekaa kwenye kigoda mbele ya wageni na kusema "tumepokea" ni mjomba. Mjomba ni mimi, Abdulatif, miaka sitini na miwili, karani wa stoo mstaafu. Nimeisubiri siku hii tangu binti huyo anaota meno.

Tatizo ni magoti. Gari linaishia chini. Njia ya bodaboda ilichukuliwa na maporomoko wakati wa masika, kwa hiyo kutoka pale ni miguu, saa mbili za kupanda. Na mimi juzi nimepanda ngazi nne za benki kwa kushikwa mkono na mlinzi.

Mwaisha akauliza magoti yanaendeleaje. Nikasema chuma! Akasema afadhali, maana Dadi amejitolea kukaa kigodani endapo mimi nitashindwa. Dadi! Mtoto wa mama yetu mdogo, tumepishana miezi saba, na tangu utotoni anataka kila nilichoshika. Nikamwambia Mwaisha nitafika kabla jogoo hajawika. Nikakata simu. Nikajaribu kuinuka kwenye kiti, nikashindwa, mke wangu Yasmin akaja kunivuta.

Siku tano. Mpango upo: virutubisho vya viungo. Sioni kwa nini nishindwe.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi nimemwita Prisca, jirani anayeuza virutubisho kwa kutembeza begi. Amepanga makopo mezani hadi sahani za chai zikakosa nafasi. Ya mafuta ya samaki. Ya manjano. Ya gegedu. Ya kuondoa uvimbe, ya kulainisha maungio, moja ya kuondoa uvimbe na kulainisha na kung'arisha ngozi. Nimechagua kitaalamu: lenye kapsuli kubwa kuliko zote. Dawa kubwa, kazi kubwa.

La manjano nimelicheka. Mwaisha ananiletea manjano gunia zima kila msimu, nami nagawia majirani. Leo niyanunue yakiwa ndani ya kopo lenye picha ya mzungu anaruka kamba?

Maelezo yanasema kapsuli mbili kwa siku. Nimemeza nne, kwa sababu muda ni mfupi. Kisha, nikiwa nimetulia, nimevaa miwani na kusoma maandishi madogo upande wa nyuma. Mungu wangu! Imetengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa! Mimi ambaye nilikula kamba Bagamoyo, mwaka tisini na nane, midomo ikavimba nikashindwa kutaja jina langu hospitalini!

Nimekaa mbele ya kioo saa nzima kungoja midomo. Saa tano nikamwita Yasmin, nikamwonyesha kwamba wa chini umeanza. Amesema huo ndio mdomo wangu wa siku zote. Hata kunipa pole hakunipa. Nimebaki na kopo zima nisiloweza kulitumia.

Jumatano, 9 Julai

Sijavimba. Magoti yamevimba kama kawaida yake. Nimekwenda famasi ya mjini, kwa Juliana, binti mpole na msomi. Ameniamkia vizuri, kisha akaniuliza maswali kama polisi. Natumia dawa gani? Presha, nikasema, na kile kidonge kidogo cha kuzuia damu isigande. Akatikisa kichwa. Akasema virutubisho navyo ni vya kuulizia kabla ya kumeza, maana vidonge vya manjano na mafuta ya samaki vinaweza kuzidisha nguvu ya hicho kidonge changu kidogo, na mtu mwenye historia ya kamba asicheze na maganda yake. Nikauliza kipi kinafanya kazi kufikia Jumamosi. Akasema hakuna! Hata hivyo vinavyosifiwa, mtu hutumia miezi miwili mitatu, na wengine hawaoni kitu chochote. Goti la moto lililovimba kwanza lionwe na daktari. Halafu nipunguze uzito, nifanye mazoezi mepesi, nitembelee fimbo.

Fimbo! Mjomba apande kupokea mahari na fimbo, Dadi akiona!

Hapo hapo, nyuma ya rafu ya nepi, nikaona kanzu ninayoijua. Dadi! Tulitazamana. Nikamuuliza amefuata nini. Akasema dawa ya kikohozi, kisha akakumbuka kukohoa. Nikasema na mimi pia. Nikakohoa. Tukakohoa wote wawili pale mpaka Juliana akatufungia kila mtu chupa yake, na tukalipa. Nimeondoka wima, bila kuchechemea, hadi nilipopinda kona. Kule nikashika ukuta wa watu.

Alhamisi, 10 Julai

Ushindi! Nimepata dawa. Unga wa mizizi, kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti karibu na soko. Hana kopo wala maandishi madogo ya kumtia mtu hofu. Kijiko kimoja kwenye uji. Saa tatu nimekunywa. Saa tano nimeinuka kwenye kiti peke yangu! Saa sita nimeokota kijiko sakafuni! Yasmin ameona, ameshika mdomo. Nimekiangusha tena ili aone vizuri.

Mchana nimepanda bajaji hadi kwa Dadi. Sikukaribia hata kiti. Nikamwambia nimekuja kumjulia hali ya kikohozi, na huku naongea nikachuchumaa na kuinuka mara ishirini. Uso wa Dadi ulipauka. Nimefurahi, siwezi kuficha. Akanifuata hadi mlangoni, akashusha sauti, akaniomba ndugu yake nimwambie natumia nini, maana magoti yake nayo si ya kupanda hata kizingiti.

Kumbe! Amejitolea kukaa kigodani na hawezi kupanda! Nilishtuka kwa jinsi mtu anavyoweza kuwa mwongo.

Nikamhurumia kwa nje. Jioni nimempelekea zile kapsuli za maganda ya kamba, nimezimimina kwenye kopo la kahawa lisilo na jina. Yeye kamba hawamdhuru, anakula hata vichwa. Juliana amekwisha sema ni miezi miwili mitatu. Kufikia Oktoba Dadi atapanda vizuri sana.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka uso si wangu. Macho mawili mistari miwili. Tumbo linaungua. Yasmin amepiga ukelele, kisha akanivalisha viatu mwenyewe na kunipeleka kwa Juliana na pakiti ya unga mkononi.

Juliana aliuliza ulinisaidia baada ya muda gani. Nikasema kwa fahari, saa mbili tu. Akaweka pakiti chini. Akasema mizizi haifanyi kazi hivyo. Amekwisha kuona unga wa namna hiyo, watu wanasagia ndani yake vidonge vikali vya maumivu, vile anavyovitoa yeye kwa cheti tu, na kwa mtu mwenye presha na kidonge changu kidogo ungeweza kunitoboa tumbo. Nilikaa. Kumbe jana sikupona hata kidogo! Nilikuwa nimeleweshwa magoti!

Hospitali muuguzi amenipima presha mara tatu, akidhani mashine ni mbovu. Daktari amenitundikia maneno ya kutosha. Unga marufuku. Virutubisho vya kuokoteza marufuku. Nirudi wiki ijayo kwa ajili ya magoti. Na kupanda mlima kesho, marufuku kabisa.

Jioni magoti yamerudi, na yamerudi na hasira. Dadi hapokei simu. Nimempigia mke wake, akaniambia ameshapanda tangu alfajiri! Nimelia kidogo, chumbani. Si kwa ajili ya Dadi. Nimemkumbuka Mwanvita ana miaka minne, anakataa kula mpaka mjomba aje.

Halafu nimepata akili. Daktari amenikataza kupanda. Hajanikataza kupandishwa. Kule chini kuna vijana wenye machela, ile miti miwili na turubai ya kushushia wagonjwa. Nimewapigia. Wanne watanisubiri barabara inapoishia. Yasmin ameniomba nimpigie Mwaisha nimweleze ukweli. Nimeona hakuna haja ya kumtia dada wa watu wasiwasi.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika usiku, huku huku juu.

Tulianza kupanda saa mbili. Manyunyu, kama ilivyo kule. Kanzu yangu nyeupe ya shughuli isilowe, nikajifunika khanga ya Yasmin kutoka miguuni hadi kichwani. Yasmin nyuma, amejitanda, anapenga kamasi kwa yale mafua yake ya baridi. Vijana kimya, mzigo mzito. Raha tupu.

Baada ya nusu saa nikasikia watu njiani wanasimama. Wanaume wakaweka chini mikungu yao ya ndizi, wakaja kushika miti. Wakapokezana! Kila tuliyekutana naye akashika hatua chache. Mwendo ukazidi, vijana wangu wakaachwa nyuma, Yasmin akaachwa nyuma. Nikasema moyoni, hii sasa ndiyo heshima, watu bado wanajua mjomba ni nani.

Kisha wakaanza kunong'ona pamoja, kwa sauti ya chini. La ilaha illallah. La ilaha illallah.

Nikaganda. Mtoto wa mlima mimi, nimesahauje? Kwetu machela hushuka na mgonjwa. Ikipanda, tena imefunikwa, na mke nyuma anafuta pua, hiyo ni maiti inarudishwa kuzikwa!

Nikataka kupiga kelele. Naapa nilitaka. Ila tulikuwa tumekwisha fika uani, na aliyeanza kulia alikuwa Dadi. Kwa jina langu! Kwamba amebaki na nani. Kwamba nimempa dawa juzi tu kwa mkono wangu, ilhali yeye alinionea wivu miaka sitini. Nikasema nisikilize kidogo. Mtu hapati nafasi hii mara mbili. Mzee mmoja akasema nilikuwa mkarimu, niligawa sana manjano. Mwaisha akauliza kwa kilio manjano gani.

Halafu Mwanvita akatoka ndani. Kelele aliyopiga sitaisahau. Haikuwa na maneno. Nilisikia anaanguka.

Nikaketi, na khanga kichwani.

Sijui nieleze vipi. Walionibeba waliachia miti. Wazee wa upande wa mchumba walikimbia, mmoja akaruka sufuria la pilau, mtu wa miaka sabini! Mwenye mahari mkononi alikutwa baadaye mgombani, ameikumbatia. Nilikuwa chini, nimekalia tope, nasema ni mimi, ni mimi, jambo ambalo halikumtuliza mtu yeyote.

Mwanvita peke yake ndiye hakukimbia. Alinishika uso na mikono miwili, akanipapasa, akanipiga begani, akalia upya. Mwaisha akaja, akasimama juu yangu. Alikuwa ametulia kiasi cha kutisha. Akauliza kwa nini sikusema magoti hayawezi. Nikasema ningekikosa kigoda. Akakiendea, akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakiweka mbele yangu. Akasema hiki kigoda ni cha mti mwepesi, mtoto anakibeba kwapani. Ningesema neno moja tu, ukoo mzima ungekishusha kwangu barabarani, na wageni wangeshukuru.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nilikalishwa. Dadi hakuweza kukaa, tangu jana amesimama, alipanda kwa saa tisa na magoti yamegoma kukunjwa. Akasimama nyuma yangu ameshika bega langu ili asianguke. Wageni wakarudi mmoja mmoja. Nikasema "tumepokea". Sauti haikutoka vizuri, maana Mwanvita alikuwa amekaa tope lile lile pembeni yangu, hajaniachia mkono.

Wakati wa kuinuka walinivuta watu watatu.

Jumatatu, 14 Julai

Nyumbani. Jana tumeshushwa mimi na Dadi, machela mbili, nyuso wazi, tunapunga mikono njia nzima kama tulivyoagizwa.

Nimeahidi. Mbele ya Mwaisha, Mwanvita na Yasmin. Ukweli kuanzia sasa. Daktari Ijumaa, fimbo, mazoezi ya Juliana. Nimeapa kabisa.

Saa nne Dadi amekuja kunisalimia. Ameingia bila kushika mlango! Amekaa, ameinuka, amekaa tena. Nimemtazama kwa mshtuko. Amesema ni zile kapsuli zangu za kopo la kahawa, ndizo zilizompandisha mlimani, na leo anazisikia zimefika mfupani. Siku nne tu! Ameninong'oneza kwamba ndoa ni Agosti, huko huko juu, na kwamba kama ndugu amenirudishia nusu.

Saa sita Mwaisha amepiga simu. Ameuliza magoti yanaendeleaje, niseme ukweli, ili wajue ndoa ifanyikie wapi.

Nimesema chuma.

Saa sita na robo nimemeza mbili. Sasa hivi niko mbele ya kioo. Yasmin amepita, akauliza natazama nini. Nimemwambia nanyoa ndevu. Mdomo wa chini naona kama umeanza.