Fimbo Yangu ya Vizibo na Mguu wa Shemeji Des

Kwa Bi. Noelene Pickersgill,
Mwenyekiti, Kamati ya Ukumbi wa Burrandool.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba upepo wa Jumanne haukukung'olea bati la banda la kuku. Mimi si mzima. Naandika nikiwa na uchungu, na nakuomba uisome barua hii mbele ya kamati nzima, kwa sauti, hasa akiwapo shemeji yangu Des Truscott, mpiga kodiani wa bendi yetu ya dansi za Jumamosi.

Kama unavyojua, mimi ndiye mpiga fimbo ya vizibo: mpini wa ufagio uliopigiliwa vizibo vya bia kutoka juu hadi chini, ukiugonga sakafuni unalia chaa! Sasa Des ameufunga mpini huo kwenye pedeli ya cherehani. Anakanyaga huku akivuta kodiani, na fimbo inaruka yenyewe. Nilipomuuliza mimi nitafanya nini, alinijibu, "Wewe Clarrie pumzika bwana, umri umekwenda. Kaa ule keki."

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Fimbo ni yangu. Kila kizibo kilichomo nilikinywea mwenyewe, vingine siku ambazo sikuwa hata na kiu. Des hagusi bia tangu daktari amkataze. Mtu asiyekunywa anapataje haki ya kukanyaga?

2. Cherehani ni ya marehemu mke wangu Marj, dada yake Des. Baada ya mazishi aliniomba nimpe, eti anataka kumbukumbu. Nikampa. Sikujua kwamba kumbukumbu itang'olewa pedeli. Marj alishonea hapo nusu ya magauni yanayochezewa ukumbini kwetu, likiwemo lako la bluu.

3. Mguu hauna adabu. Mimi nikipiga husimama mbele, nikawahimiza watu wachague wenzi wao, nikamkonyeza aliyekaa peke yake. Pedeli inajua kukonyeza?

4. Leo ni fimbo. Kesho itakuwa tari kwenye mguu wa pili, keshokutwa kengele kwenye goti, na fidla ya mwanabendi mwenzetu Bi. Gwenda itafungwa kiwikoni. Des atakuwa bendi peke yake. Atajipigia makofi, atajipa mapumziko na kuzimaliza sandwichi zote. Kisha ugonjwa huu utatoka nje ya ukumbi. Birika la chai litawekewa pedeli. Refa wa mpira atapuliza filimbi kwa kisigino, na kasisi atatubariki kwa kidole gumba cha mguu. Tukifika hapo, Mheshimiwa, mikono itabaki na kazi gani? Kujikunia?

5. Hili ndilo kubwa. Pedeli inapiga kwa wakati. Mimi, wala si siri, huchelewa kidogo. Desturi ya bendi zetu ni kwamba fimbo ya vizibo hupewa mtu asiyejua chombo kingine chochote, na desturi hiyo nimeitunza kwa uaminifu. Kwa hiyo Burrandool nzima imejifunza kucheza kwa kuchelewa kwangu. Wageni kutoka mjini hudhani ni mtindo wetu wa asili, na wengine wameuiga. Tangu pedeli ije, nusu ya watu wanaifuata yenyewe, nusu bado wananifuata mimi, na wanapigana vikumbo katikati. Mzee Perc Dunkley ameangukia keki ya krimu. Wewe mwenyewe ulipiga kelele, "Jamani, nani kaiharakisha hii sakafu?" Nami nilikuwa nimekaa pale nikilijua jibu.

Naomba basi pedeli irudishwe kwenye cherehani, na fimbo irudishwe mkononi mwangu. Na niseme wazi, Bi. Noelene, kwa kuwa karatasi haicheki. Tangu Marj aondoke nyumba yangu iko kimya mno. Ukumbini ndipo mahali pekee ambapo bado kuna watu wanaoningoja. Nikinyang'anywa fimbo nitakuja kufanya nini? Kukaa ukutani pamoja na makoti?

Wasalimie wanakamati wote, na mbwa wako ingawa aliniuma. Des naye msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi, mwenye mikono mitupu,
Clarence Hobday

Nyongeza, Jumapili asubuhi:

Nilichelewa kuileta barua hii kwa sababu nilitaka kwanza kuja kwenye dansi ya jana kukusanya ushahidi. Nilikaa karibu na makoti, kama nilivyotabiri. Ndipo ukaja ukasimama mbele yangu ukasema, "Clarrie, miaka yote hii nakungoja uiweke chini hiyo fimbo. Haya, inuka." Yaliyofuata unayajua. Watu walipigana vikumbo ukumbi mzima, ila sisi wawili tulichelewa pamoja, wala hatukukanyagana.

Kwa hiyo namba 1 hadi 5 naomba zifutwe. Des aendelee kukanyaga, na hata hilo tari afunge akipenda. Ila pedeli inalia kwa kukosa mafuta. Ile chupa ya Marj ya mafuta ya cherehani bado ninayo, nitaileta Jumamosi mapema, kabla watu hawajafika. Ukija umevaa tena lile gauni la bluu, sitalalamika.